Mke wa Daraja la Tano

Sehemu ya tisa

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

Hapo ndipo tulipomwacha Theda Folkerts wiki iliyopita: yuko jikoni kwake mjini Leer, fomu za kodi zimetandazwa mbele yake, mumewe Hilko kakaa upande wa pili wa meza anabofya simu, na kijikaratasi cha njano kimechomoka katikati ya kurasa kikamwangukia mapajani.

Hilko hakukiona. Theda alikisoma chini ya meza.

Mistari minne tu. Mwandiko ni wa Hilko, ule ule wa barua za uchumba; kajiandikia mwenyewe.

“Mshauri anasema wiki tatu hadi nne chini ya paa moja zinaokoa mwaka mzima. Anza tarehe 3 Februari. Majirani wakuone. Usihamishe vitu vyote.”

Akarudia kusoma. Majirani wakuone.

“Vipi, kalamu imekauka?” Hilko aliuliza bila kuinua macho.

“Haijakauka.”

“Basi saini, mama. Pale nilipoweka msalaba. Miaka kumi na tisa unasaini pale pale, leo kumeota nini?”

Theda akaiweka kalamu chini. Kijikaratasi akakisokomeza kwenye mfuko wa aproni.

“Acha nisome kwanza.”

Hilko akacheka. “Wewe? Tangu lini unasoma karatasi za kodi?”

“Tangu leo.”

“Hakuna cha kusoma humo. Tunakadiriwa pamoja kama kila mwaka. Mke na mume, fomu moja, kodi inapungua. Serikali inatupa zawadi, wewe unaikunjia uso.” Akainuka, akazunguka meza, akamwekea mkono begani. “Nitakukatia euro mia tano. Ununue viatu.”

Theda aliutazama ule mkono kama mtu anavyomtazama funza ndani ya tufaha alilokwisha kuling’ata.

“Nitasaini,” alisema. “Ila niachie jalada zima. Uje Jumanne.”

“Jumatano ndiyo siku ya mwisho, Theda. Usinichezee.”

“Nimesema Jumanne.”

Hilko akaondoka akipiga mluzi. Mlango ulipojifunga tu, Theda akakimbilia sinki, akatapika.

*

Kilichomtapisha si fomu, msomaji. Ni ile tarehe.

Hilko alihama nyumbani tarehe kumi na nne Novemba, mwaka juzi. Alikwenda kwa Insa, msaidizi wa daktari wa meno, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja. Alibeba mashati yake na mashine ya kahawa. Theda alilia mpaka Krismasi.

Halafu mwezi wa pili, mwaka jana, Hilko akarudi. Alipiga magoti pale pale mlangoni. Alisema amekosa, amekuwa mjinga, anataka nyumba yake. Theda akampokea. Akampikia kabichi ya majira ya baridi na soseji za moshi, akamtandikia shuka jipya. Hilko akaosha madirisha ya mbele huku akiwasalimia majirani kwa sauti. Sokoni alimshika mkono, jambo ambalo hakulifanya hata walipokuwa maharusi. Theda akawatangazia wenzake kazini: jamani, mume wangu karudi, tena karudi mwingine kabisa!

Siku ya ishirini na sita akafunga begi tena.

“Tulijaribu,” alisema. “Haikuwezekana.”

Mwaka mzima na miezi Theda alijiuliza alikosea wapi katika zile siku ishirini na sita. Kabichi ilizidi chumvi? Alikoroma? Alimkumbusha mno yaliyopita? Alinunua hata kitabu cha ushauri wa ndoa, akakisoma akipiga mistari kwa penseli.

Kumbe hakukosea lolote. Za mwizi ni arobaini. Hilko zake alihesabiwa na mshauri wa kodi, zikawa ishirini na sita.

Theda akanawa uso. Alingoja machozi, hayakuja. Kilichokuja ni kitu kigumu na cha baridi, kama kokwa, kikakaa chini ya titi la kushoto.

“Utazilipa,” aliuambia mlango. “Moja moja.”

*

Ijumaa. Kiwanda cha udobi anakofanya kazi Theda hufua mashuka ya hoteli za visiwani, na Julai ni mwezi wa jasho. Saa sita kasoro robo msimamizi akamgonga bega.

“Una mgeni getini. Mwanamke. Macho mekundu.”

Theda akatoka akijifuta mikono. Akamwona.

Alikuwa Insa.

“Una ujasiri wewe,” Theda alisema.

“Naomba dakika mbili tu, Bi. Folkerts.”

“Umeshachukua miezi ishirini. Dakika mbili za nini tena?”

“Ulikiona?”

“Nini?”

“Kile kijikaratasi cha njano. Ni mimi niliyekiweka mle ndani.”

Lori la mashuka likapita kati yao na geti. Lilipokwisha kupita, Theda alikuwa amemsogelea hatua tatu.

“Rudia.”

“Mwezi wa pili mwaka jana aliniambia yuko baharini, kwenye mitambo yao ya upepo. Siku ishirini na sita. Mtandao mbovu, usinipigie, nitakupigia mimi. Nilimfungia hata zile nguo za baridi.”

“Alizivaa,” Theda alisema. “Akiosha madirisha yangu.”

Insa akafumba macho. “Wiki iliyopita akaniambia nimpangie karatasi zake za kodi. Nikakikuta. Nikasoma tarehe. Nilidhani nitamrukia kwa kisu cha mkate, lakini mimi mwoga. Nikasema, bora akisome mtu ambaye si mwoga.”

“Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Unataka nini?”

“Usisaini.”

“Kwani wewe huna mlango? Mfukuze!”

“Nimfukuze vipi? Nyumba kaandikisha yeye. Gari lake. Kazi nimeipunguza, naenda siku mbili tu kwa wiki. Alisema hakuna haja nihangaike, mkishaachana atanioa, nitashika daraja la tano la kodi, mshahara wangu utakuwa wa kununulia rangi ya kucha.”

Theda akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na walinzi wakageuka kutazama. Maneno yalikuwa yale yale! Miaka kumi na tisa iliyopita yeye aliambiwa wa kununulia sigara, na wala hakuwa anavuta.

“Kumbe anatuchonga kwa panga moja,” alisema.

“Bi. Folkerts, mimi najua nilikukosea…”

“Nyamaza. Msamaha wako kauweke friji. Una kalamu?”

“Ninayo. Kwa nini?”

Theda akachomoa karatasi ya usafirishaji kwenye ubao wa mlinzi, akaigeuza upande mweupe, akaibandika kwenye ukuta.

“Andika. Hilko Folkerts anaishi kwangu tangu tarehe kumi na nne Novemba mwaka juzi. Nguo zake zipo kwangu. Barua zake zinaletwa kwangu. Mwezi wa pili hakuwahi kuhama. Andika na hilo la baharini.”

Insa akabaki ameshika kalamu. “Akijua, atanitupa nje.”

“Ndiyo. Atakutupa.”

“Nitakwenda wapi?”

“Mimi niliuliza swali hilo hilo Novemba ile. Ulinijibu?”

Insa akaandika. Kalamu ilimruka mara mbili. Theda alisimama pembeni akaiangalia ile mikono mpaka nukta ya mwisho, na kusema kweli, wala tusimpambe, aliona raha.

*

Jumatatu alichukua likizo ya siku moja, akalibeba jalada mpaka kwenye ofisi ya chama cha kuwasaidia wafanyakazi mambo ya kodi. Akapangiwa Bi. Almuth Reents, mama wa miaka sitini aliyekuwa amevua viatu chini ya meza na kuweka miguu mbele ya feni.

Almuth alipekua jalada lote. Kisha akauliza:

“Nani alikwambia daraja la tano ni la mke?”

“Mume wangu.”

“Wote huambiwa na waume zao. Uliwahi kuuliza maana yake?”

“Nilisaini kwenye msalaba.”

Almuth akavuta pumzi. “Sikiliza, dada. Kukadiriwa pamoja si dhambi. Umepishana na wale wazee wawili mlangoni? Mke ana duka la maua linalosuasua, mume ni nahodha wa kivuko. Mapato yao tunayajumlisha, tunayakata katikati, kila nusu inatozwa kodi yake. Mwenye nyingi anateremka ngazi, mwenye chache anapanda kidogo, na jumla inapungua. Mwaka huu wameokoa karibu elfu tatu, wanakwenda kuezeka paa. Ni sheria nzuri sana kwa watu wanaokula chungu kimoja.”

“Na mimi?”

“Wewe umekuwa kuni.” Almuth akaweka karatasi mbili sambamba. “Tazama. Yeye daraja la tatu, kila mwezi anakatwa kidogo. Wewe daraja la tano, unakatwa ya kwako na kipande cha yake. Nafuu yenu wote wawili inaingia kwenye mshahara wake. Wako wanaogawana vizuri nyumbani, hawana neno. Yeye alikugawia?”

Theda akakumbuka upasuaji wa mgongo. Alikaa nyumbani miezi saba kwa posho ya ugonjwa, na posho ile hupigiwa hesabu kwa kuangalia kinachobaki mkononi baada ya makato. Hakikubaki kitu. Ikabidi amwombe Hilko nauli ya kwenda kwenye mazoezi ya mgongo. Hilko akampa noti ya ishirini mbele ya wageni, akamwambia, “Husemi asante?”

Na alisema asante. Hilo ndilo lililomchoma leo kuliko noti yenyewe.

“Hakunigawia,” alisema.

“Basi nina swali moja, unijibu ukweli. Mwaka jana wote, mliishi kama mke na mume hata siku moja? Maana siku chache za kweli zinatosha, sheria inaheshimu watu wanaojaribu kurudiana.”

Theda akatoa kijikaratasi cha njano, akakiweka juu ya kikokotoo. Juu yake akaweka maandishi ya Insa.

Almuth akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

“Mimi nilirudiana naye,” Theda alisema. “Naapa. Mimi nilirudiana.”

“Kurudiana ni kwa watu wawili, dada yangu.”

Feni ilizunguka. Chini barabarani kengele ya baiskeli ililia, mtu akatukana.

“Nisiposaini?”

“Ukikataa kwa hasira tu, anaweza kukushitaki akadai umemtia hasara, na atashinda. Lakini kama hamkuishi pamoja, hakuna hakimu wa kukulazimisha utie saini uongo. Na ukitia huku unajua, kosa ni lenu wote wawili.”

“Nikijaza yangu peke yangu?”

Almuth akabonyeza kikokotoo kwa kidole kimoja. “Wewe utarudishiwa kama elfu mbili. Umekuwa ukikatwa kupita kiasi.”

“Na yeye?”

“Yeye atalipa. Amekaa daraja la tatu mwaka mzima bila haki. Elfu nane na kitu.”

“Sikusikia vizuri.”

“Elfu nane na kitu.”

Alikuwa amesikia vizuri sana mara ya kwanza.

“Jaza,” alisema Theda.

Almuth akaiweka mikono juu ya kibodi, lakini hakuandika. “Nikuulize kama mwanamke. Hii ni haki au ni kisasi?”

“Leo vimevaa gauni moja, Bi. Almuth. Jaza.”

Saa tisa alasiri fomu ikatumwa. Almuth akanakili kila kilichokuwa ndani ya jalada ili abaki na kumbukumbu, akamrudishia. Theda akateremka ngazi. Mgongo haukumuuma hata mara moja.

*

Jumanne Hilko akatuma ujumbe: “Niko kwa mama mpaka saa kumi. Halafu napita kuchukua. Andaa chai.”

Theda hakuandaa chai. Alipanda baiskeli.

Mama mkwe wake, Bi. Foelke, ana miaka sabini na minane na anakaa peke yake kwenye nyumba ya matofali mekundu kando ya mfereji. Katika ukoo mzima wa akina Folkerts, ndiye pekee aliyesimama upande wa Theda. Hilko alipoondoka, bibi kizee huyo alimwambia: wewe ndiye mwanangu, yule ndiye mgeni. Kila Jumapili, bila kukosa, walikunywa chai pamoja.

Theda akaingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha, kama alivyozoea.

Foelke alikuwa anamimina. Kipande cha sukari ya mawe kilipasuka ndani ya kikombe. Hilko kakaa chini ya saa ya ukutani, kavua koti.

“Theda!” Foelke akashtuka, chai ikamwagika kwenye kisahani. “Leo si Jumapili, mwanangu.”

“Najua, mama. Sitakaa.”

Hilko akaona bahasha mkononi mwake. Uso ukamchanua. “Umeniletea mpaka hapa? Unaona, mama? Nilikwambia huyu ana akili akitaka.”

“Chukua,” Theda alisema.

Hilko akaipasua. Akavuta nakala. Akasoma mstari wa kwanza, tabasamu bado limo. Akasoma wa pili.

Tabasamu likatoka.

“Hii nini?”

“Soma.”

“Nimekuuliza hii nini! Imeandikwa jina lako peke yako. Makadirio ya mtu mmoja. Yangu iko wapi?”

“Yako utajaza mwenyewe. Una mpaka kesho.”

“Umetuma?”

“Jana, saa tisa alasiri.”

Hilko akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. “Una kichaa? Unajua unanigharimu kiasi gani?”

“Elfu nane na kitu. Nilimwomba mwenzangu arudie ili nisikosee.”

“Nitakuburuza mahakamani! Sheria inakulazimisha kusaini!”

“Sheria inamlazimisha mke. Mimi tangu Novemba mwaka juzi ni mpangaji tu wa jina lako.”

“Tulirudiana! Mwezi wa pili! Mtaa mzima uliniona!”

“Ulihakikisha,” Theda alisema.

Akafungua mkoba. Akaweka kijikaratasi cha njano mezani, kando ya kikombe cha bibi kizee, na maandishi ya Insa juu yake.

Foelke akatafuta miwani. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anayesoma tangazo la msiba. Wiki tatu hadi nne. Majirani wakuone. Usihamishe vitu vyote. Alipofika mwisho alikinyoosha kile kijikaratasi kwa kiganja, kwa upole, kama kitambaa cha meza.

“Hilko,” alisema. “Baba yako alikuwa mlevi. Aliuza hadi ng’ombe wa mahari yangu. Lakini hakuwahi kulala na mkewe kwa ajili ya kodi.”

“Mama, huelewi mambo haya…”

“Naelewa kusoma.”

“Insa ameandika hivi? Insa?” Hilko aliikamata ile karatasi, akaikunja ndani ya ngumi. “Nitamtoa leo leo!”

“Ichane ukitaka,” Theda alisema. “Bi. Reents anayo nakala. Ya kijikaratasi pia. Na ofisi ya kodi ikiuliza, nitajibu kila swali. Naambiwa huwa wanapenda kumjua na mshauri aliyetoa ushauri kama huo.”

Hapo ndipo Hilko alipobadilika. Msomaji, umewahi kuona hema likichomolewa mti wa katikati? Mabega yalishuka. Akaja karibu, akashusha sauti, ile ile ya mwezi wa pili.

“Theda. Theda wangu. Sikiliza. Ofisi ikianza kupekua, watafika hadi kazini kwangu. Unaweza bado kubadilisha. Pinga makadirio, sema ulikosea. Nitakupa nusu. Nitarudi nyumbani ukitaka. Safari hii kweli.”

“Piga magoti.”

“Nini?”

“Mwezi wa pili ulipiga magoti. Nataka nione tofauti.”

Hilko akamtazama mama yake. Mama yake akatazama dirisha. Na mwanamume yule wa euro elfu saba kwa mwezi, msimamizi wa mitambo, mtu wa kusema husemi asante, akateremka goti moja, kisha la pili, juu ya vigae vya jikoni.

Theda aliionja dakika ile polepole, kama mtu anayelamba kijiko.

“Hakuna tofauti,” alisema. “Inuka.”

Na hapo simu yake ikalia.

“Bi. Theda? Almuth hapa. Uko peke yako?”

“Niko na watu. Wewe sema tu.”

“Nilikuwa napanga zile nakala zako. Jana macho yangu yalikuwa kwenye tarakimu kubwa, kitu kidogo kikanipita. Cheti cha mshahara cha mumeo. Pameandikwa daraja la tatu, na chini yake kuna sifuri nukta tano. Nusu.”

“Nusu ya nini?”

Hilko alikuwa bado chini. Aliposikia neno hilo akaganda, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza.

“Ninyi mna watoto?” Almuth aliuliza.

“Hatukujaliwa.”

Kule upande wa pili Almuth alishusha sauti. “Hiyo nusu ni mtoto, dada. Wazazi wasipokuwa mke na mume, nafuu ya mtoto hugawanywa kati yao. Nusu ya baba iko kwa mumeo. Nusu nyingine lazima iwe kwa mwanamke fulani.”

Theda akaishusha simu taratibu. Kabichi, shuka jipya, goti mlangoni, vyote vikafutika kichwani. Miaka kumi na tisa daktari baada ya daktari, na Hilko akimwambia tuache, Theda, pengine hatukuandikiwa.

“Nani?” alisema. “Insa?”

Hilko akatikisa kichwa.

Aliyejibu hakuwa Hilko.

“Anaitwa Menna,” Bi. Foelke alisema. “Ana miaka sita.”

“Mama, nyamaza!”

“Nyamaza wewe! Mimi nimenyamaza miaka sita, imenitosha.”

Theda akamgeukia bibi kizee. “Ulijua? Jumapili zote zile… mama, ulijua?”

“Nilijua, mwanangu. Nilikunywa chai na wewe nikijua.” Foelke hakulia. Aliinua kidole, akaonyesha dari. “Na Jumanne huwa anashinda kwangu.”

Juu ya vichwa vyao mbao zikalia. Nyayo ndogo zikakimbia chumbani, zikafika kwenye ngazi, zikasimama.

“Bibi!” sauti ya mtoto ikaita. “Nimeona gari dirishani! Mama amekuja!”

Kengele ya mlango wa mbele ikalia.

Hilko akaruka kutoka sakafuni. “Usifungue! Theda, nakusihi, usifungue!”

Theda alikuwa karibu zaidi. Akapita ukumbini, akashika kitasa, akavuta.

Mwanamke aliyesimama nje alikuwa na koti dogo la mvua mkononi na funguo za gari mdomoni. Alipomwona Theda hakushtuka, hakurudi nyuma. Akazitoa zile funguo mdomoni, akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele, kama mtu aliyefika kituo alichokingoja safari nzima.

“Hatimaye,” alisema. “Mkewe wa kwanza.”